Gharama ya Pembe

Mwaka 1898, kwenye miteremko ya Kilimanjaro, aliuawa tembo dume ambaye pembe zake hazijapata kushindwa kwa uzito hadi leo. Zilipelekwa Zanzibar, soko kuu la pembe katika Afrika ya Mashariki wakati huo, zikauzwa, na baada ya kupita mikononi mwa wafanyabiashara zikaishia katika makumbusho ya elimu ya viumbe jijini London. Kila moja ina urefu unaozidi meta 3, na kila moja ilikuwa na uzito wa karibu kilo 100. Mfanyabiashara aliziona kama mali na mwindaji aliziona kama ushindi. Anayetaka kuelewa viumbe anapaswa kuanza mahali pengine, kwenye jambo la msingi ambalo hupita bila kuangaliwa: kila moja ya pembe hizo ni jino. Haina undugu wowote na pembe ya ng'ombe, ya swala au ya kifaru, ambazo huota juu ya fuvu na hutegemea protini ile ile inayojenga kucha na nywele. Pembe ya tembo ni jino la mbele la taya la juu, na mwenzake katika kinywa cha binadamu ni lile jino dogo linalokaa jirani na meno mawili makubwa ya katikati. Kwetu jino hilo lina urefu wa sentimeta moja hivi nje ya ufizi. Kwa tembo yule wa Kilimanjaro lilivuka meta tatu. Inafaa kuuliza jino linawezaje kufika huko, na kwa nini ni wanyama wachache tu waliofanikiwa kulifikisha.

Jibu ninalolitetea hapa ni kwamba pembe hupatikana kwa kuacha kabla ya kupatikana kwa kuongeza. Wanyama wenye pembe wametokana na mababu walioachana na mambo mawili ambayo meno ya kawaida huyategemea: uwezo wa kung'oka na kuota upya mara kwa mara, na lile ganda gumu la nje linaloitwa enameli. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na historia ya pembe ni historia ya kuinama huko. Anayeitazama pembe kama silaha au chombo tu anaona faida na kusahau malipo yake. Naamini kwamba tukiyafuata malipo, tutaelewa kwa nini pembe zimetokea katika ukoo mmoja tu wa wanyama wa nchi kavu na jamaa zao wa baharini, kwa nini zimechipuka kutoka kwenye meno tofauti, na kwa nini leo katika baadhi ya makundi ya tembo zinapotea mbele ya macho yetu.

Tuanze na ujenzi wa jino lenyewe. Nje kuna enameli, kitu kigumu kuliko kingine chochote mwilini. Chini yake kuna dentini, isiyo ngumu kiasi hicho, lakini inayostahimili kukunjwa na kugongwa pale ambapo enameli ingepasuka. Katika jino la kawaida, seli zinazotengeneza enameli hufanya kazi wakati jino bado limejificha ndani ya taya. Likishatokeza, seli hizo hutoweka, na ndiyo sababu tundu kwenye jino huzibwa na daktari kwa kuwa mwili hauwezi kuliziba wenyewe. Jino lililovikwa enameli pande zote ni jino lililokamilika: linaweza kulika au kuvunjika, lakini haliwezi kurefuka. Dentini ina tabia nyingine. Hutengenezwa kutoka ndani, na seli zinazokaa kwenye ukuta wa shimo la jino, na seli hizo hubaki hai. Mzizi wa jino usipofunga, dentini mpya huongezwa chini na jino zima husukumwa nje, kama ukucha unavyoota kutoka kwenye shina huku ncha yake ikilika. Hivyo ndivyo pembe ya tembo inavyokua maisha yake yote, kwa wastani wa sentimeta 17 hivi kwa mwaka, na karibu theluthi moja ya urefu wake imezama ndani ya fuvu ambako ujenzi unaendelea. Kuna sharti moja zaidi. Jino linalosogea namna hiyo haliwezi kuwa limeungana moja kwa moja na mfupa wa taya. Lazima lishikiliwe na kano, yaani nyuzi za tishu laini zinazolibana bila kulizuia kuteleza taratibu kuelekea nje.

Mambo hayo matatu, kutobadilishwa, kushikiliwa na kano na kuachana na enameli, hayakuja kwa pamoja, na ushahidi mzuri wa jinsi yalivyofuatana umelala katika ardhi ya Afrika. Kusini magharibi mwa Tanzania, katika bonde la Ruhuhu kati ya Songea na Ziwa Nyasa, kuna miamba yenye visukuku vya wanyama walioishi kabla ya dinosaria wa kwanza. Miamba ya namna hiyo ipo pia katika bonde la Luangwa nchini Zambia na katika nyanda za Karoo nchini Afrika Kusini. Miongoni mwa visukuku hivyo ni daisinodonti, kundi la wanyama waliokula majani, wenye mdomo wa kobe na mara nyingi jino moja refu kila upande wa taya la juu. Mwanazuoni wa Kiingereza Richard Owen aliwaelezea kwa mara ya kwanza mwaka 1845, kwa visukuku vilivyotoka Afrika Kusini, akawapa jina lenye maana ya wenye chonge mbili. Waliishi kuanzia miaka milioni 270 hivi iliyopita hadi karibu miaka milioni 201 iliyopita. Wengine walikuwa wadogo kama panya, wengine walikaribia ukubwa wa tembo. Hawakuwa mamalia, ila walikuwa kwenye ukoo ule ule uliokuja kuzaa mamalia.

Mwaka 2021 timu ya watafiti iliyoongozwa na Megan Whitney, ikiwa na Kenneth Angielczyk wa makumbusho ya Field ya Chicago na Christian Sidor wa Chuo Kikuu cha Washington, ilichapisha matokeo ya kukata meno ya daisinodonti vipande vyembamba sana na kuvichunguza kwa hadubini. Visukuku vilitoka Tanzania, Zambia, Afrika Kusini na Antaktika. Mtu angetarajia kukuta kwamba pembe ilizuka mara moja kwa babu mmoja, kisha wajukuu wote wakairithi. Walichokikuta ni tofauti na kina uzito zaidi. Meno mengi yaliyokuwa yakiitwa pembe kwa sababu ya umbo lake yalikuwa bado na enameli, hasa kwa daisinodonti wa mwanzo. Yalikuwa meno makubwa tu. Pembe halisi, za dentini tupu na zinazokua daima, zilijitokeza baadaye, na zilijitokeza zaidi ya mara moja katika matawi tofauti ya ukoo huo. Kilichotangulia kila mara ni yale maandalizi: meno kutobadilishwa ovyo, na kano kuchukua nafasi ya mfupa kama kifungio cha jino. Mlango ukishafunguliwa na maandalizi hayo, matawi kadhaa yalipita, kila moja kwa wakati wake.

Hapa msomaji makini anaweza kuuliza kuhusu mamba. Meno ya mamba nayo yamekaa ndani ya matundu ya taya na kushikiliwa na kano, na yeye amekuwa duniani muda mrefu kuliko tembo. Mbona hana pembe? Swali hili linaimarisha hoja. Mamba anabadilisha meno yake tena na tena katika uhai wake wote. Kila jino lake ni la muda, na chini yake kuna jingine linaloandaliwa. Katika mpango huo hakuna faida ya kuwekeza katika jino moja likue miaka hamsini, kwa sababu litang'oka kabla ya hapo. Mamalia walikwishaacha utajiri huo wa meno. Wengi wetu tuna meno ya utotoni na ya utu uzima, basi. Tukilinganishwa na mamba, sisi ni maskini wa meno. Lakini ni umaskini huo uliofanya kila jino lililobaki liwe na thamani ya kutunzwa, na ndani ya umaskini huo ndimo pembe ilimopata nafasi. Kano peke yake haitoshi. Lazima mnyama awe amekwishapoteza anasa ya kuota meno mapya.

Kuna pingamizi la pili, lenye nguvu zaidi, nalo linamhusu panya. Meno yake ya mbele hukua maisha yote, na bado yana enameli. Basi kuachana na enameli hakuwezi kuwa sharti la jino kukua daima. Ni kweli, na lazima hoja iwekwe sawa. Panya hubakiza seli za enameli zikiwa hai chini kabisa ya jino, nazo hupaka upande wa mbele tu. Upande wa nyuma ukilika haraka, upande wa mbele hubaki na makali kama ya patasi. Hilo linamfaa mnyama anayeguguna, kwa jino fupi lisiloenda mbali na mdomo. Pembe inayochomoza mbali inakabili kazi nyingine: inasukumwa kutoka pembeni, inagongana na pembe ya mpinzani, inachimba mwambani na kubeba uzito. Kwa kazi hizo dentini inayovumilia misukosuko ni bora kuliko ganda linalopasuka, na kuendelea kutengeneza ganda hilo kwa urefu wote ni mzigo kwa mwili. Kwa hiyo enameli haipotei kwa ghafla. Inapunguzwa hatua kwa hatua kadiri jino linavyozidi kutoka nje, na wanyama wengine wameishia katikati ya njia. Meno makubwa ya kiboko na ya jamii ya nguruwe hukua daima na hutokeza kwa namna ya kutisha, lakini bado yana enameli kwenye sehemu ya uso wake. Wako wanaosema kwa hiyo hayastahili kuitwa pembe. Kwangu mimi ubishi wa jina si muhimu. La muhimu ni kwamba hatua za kati zipo, hai, kwenye mito na mbuga zetu, na kila hatua inaonyesha biashara ile ile ya kutoa na kupokea.

Ukoo wa tembo wenyewe unaisimulia biashara hiyo kwa mpangilio unaoridhisha. Jamaa zake wa zamani kabisa wanaojulikana wametoka Morocco, katika miamba yenye umri wa miaka kama milioni 60, nao walikuwa wanyama wadogo wasio na mkonga wala pembe. Katika eneo la Fayum nchini Misri yamepatikana mabaki ya Moeritherium, aliyeishi miaka zaidi ya milioni 35 iliyopita, ambaye jino la pili la mbele lilikuwa limeanza kuwazidi wenzake. Baadaye walikuja wenye pembe nne, mbili juu na mbili chini, na pembe zao za juu zilikuwa na ukanda wa enameli uliokwenda kwa urefu wake. Deinotherium, aliyeishi Afrika ya Mashariki hadi karibu miaka milioni moja iliyopita, hakuwa na pembe za juu kabisa. Zake zilitoka taya la chini zikapinda kuelekea ardhini. Katika tembo wa leo enameli imebaki kama alama tu ya urithi: kikofia kidogo kwenye ncha ya pembe changa, ambacho hulika mapema. Ukizipanga pembe hizi kwa umri wake unaona enameli ikipungua kutoka jino zima hadi ukanda, kutoka ukanda hadi kikofia. Njia haikuwa nyoofu, na matawi mengi yaliishia njiani. Lakini mwelekeo wa gharama ni ule ule katika tawi lililobaki.

Na tembo hakuwa peke yake. Jamaa zake wawili wa karibu wanajulikana vizuri na wasomaji wa Afrika ya Mashariki, ingawa si wengi wanaowadhania kuwa ndugu. Mmoja ni pimbi, yule mnyama mdogo anayeota jua juu ya majabali. Meno yake ya mbele ya taya la juu ni marefu, makali na hukua daima, ingawa yamebakiza enameli upande wa mbele. Wa pili ni nguva wa bahari yetu, ambaye siku hizi ni adimu sana kutoka Lamu hadi maji ya Rufiji na Kilwa. Nguva dume anapopevuka, meno mawili ya mbele hutokeza. Ndani yake dentini imepangwa kwa matabaka ya miaka, na kwa kuyahesabu wataalamu wamejua kwamba nguva anaweza kuishi miaka 70 hivi. Tembo, pimbi na nguva wote wametumia meno ya mbele. Lakini ngiri, kiboko na walrasi wa bahari za barafu wametumia chonge. Narwali, nyangumi mdogo wa Aktiki, ametumia chonge moja tu, kwa kawaida ya kushoto, iliyosokotwa na kurefuka hadi kuzidi meta 2. Kama pembe ingekuwa urithi wa babu mmoja, ingetoka kwenye jino moja kwa wote. Inatoka kwenye meno tofauti kwa sababu kila ukoo ulifika peke yake, ukitumia jino lililokuwa tayari.

Pingamizi la tatu ndilo linalosikika zaidi: kwamba maelezo haya yote ya enameli na kano yanazunguka jambo rahisi, kwamba pembe ni silaha na zimekuwepo kwa ajili ya vita vya madume. Sitaki kulipuuza, kwa sababu vita vya madume vina nafasi kubwa. Narwali jike kwa kawaida hana pembe. Nguva jike mara nyingi pembe zake hazitokezi. Pembe za tembo dume huzidi sana za jike. Lakini matumizi hayawezi kuwa maelezo yote, kwa kuwa yanatofautiana mno. Walrasi, dume na jike, hujivuta kwa pembe juu ya barafu. Ngiri hupigana na kujilinda nazo. Tembo jike wa Afrika huzitumia kubandua magome ya mbuyu, kuchimba maji kwenye mchanga wa mito iliyokauka na kutetea ndama wake. Katika pango la Kitum, kwenye Mlima Elgon upande wa Kenya, tembo huingia gizani usiku na kumega ukuta wa mwamba kwa pembe ili walambe chumvi. Vita, maji, magome, chumvi na barafu ni mambo tofauti, lakini umbile la jino ni karibu lile lile. Matumizi huamua kama gharama inalipa, na pembe itadumu katika ukoo au la. Maandalizi ya jino ndiyo yanayoamua kama pembe inawezekana hata kidogo.

Wala tusidhani kwamba kuna fundi aliyepima faida kabla ya kujenga. Katika kisiwa cha Sulawesi nchini Indonesia kuna nguruwe aitwaye babirusa. Chonge zake za juu, kwa dume, hazitoki kwa mdomo. Huota kuelekea juu, zikatoboa ngozi ya pua na kujipinda mbele ya macho, na kwa dume mzee zinaweza kurudi hadi kugusa fuvu lake mwenyewe. Hakuna mwenye akili angechora hivyo. Uchaguzi asilia hauoni mbele. Unabakiza kile kilichomwezesha mnyama kuzaa jana, kwa malipo yaliyostahimilika jana. Mazingira yakibadilika, hesabu nayo inabadilika, na jambo lililokuwa faida linaweza kugeuka kuwa mauti.

Ndivyo ilivyowatokea tembo wa Afrika walipokutana na soko. Kwenye biashara ya pwani, pembe kubwa iliitwa buri na ndogo kalasha, na bei ilifuata ukubwa. Kwa maana hiyo soko lilikuwa likichagua: mwenye pembe kubwa alikufa kwanza, mwenye ndogo alipata nafasi zaidi ya kuzaa, na asiye na pembe hakuwa na thamani kwa mwindaji. Nchini Kenya, watafiti walilinganisha vipimo vya tembo wa miaka ya 1960 na vya tembo walionusurika wimbi kubwa la ujangili na watoto wao. Kwa tembo wenye mwili wa ukubwa ule ule, pembe zilikuwa zimefupika. Mkandamizo huo haukuisha. Tanzania peke yake ilikuwa na tembo zaidi ya 100,000 mwaka 2009, na sensa ya mwaka 2014 ilikuta karibu 43,000.

Ushahidi ulio wazi kuliko wote umetoka katika hifadhi ya Gorongosa nchini Msumbiji. Vita ya wenyewe kwa wenyewe ilidumu tangu 1977 hadi 1992, na majeshi ya pande zote mbili yaliwinda tembo ili kugharamia vita. Idadi yao ikaporomoka kutoka zaidi ya 2,500 mwaka 1972 hadi chini ya 250 mwaka 2000. Katika muda huo huo, majike wasio na pembe walipanda kutoka chini ya asilimia 19 hadi karibu asilimia 51. Mwaka 2021 Shane Campbell-Staton na wenzake walichapisha uchunguzi wao katika jarida la Science. Walikadiria kwamba jike asiye na pembe alikuwa na uwezekano mara tano zaidi wa kunusurika kuliko mwenzake mwenye pembe. Walipochunguza jeni walikuta dalili zinazoelekeza kwenye kromosomu ya X, katika eneo lenye jeni inayohusika na ujenzi wa enameli. Kwa binadamu, mwanamke aliyepungukiwa na kipande cha eneo hilo hilo anaweza kukosa au kuwa na udogo wa lile jino la pembeni la juu, lile lile lililo mwenzake wa pembe ya tembo.

Mtu anaweza kudai kwamba hilo ni bahati tu: kundi likipungua sana, tabia yoyote inaweza kuenea bila sababu. Hoja hiyo ina ukweli, na mfano wake upo. Hifadhi ya Addo nchini Afrika Kusini ilianzishwa mwaka 1931 ikiwa na tembo 11 tu, wanane wakiwa majike, na nusu ya majike hao hawakuwa na pembe. Miaka 70 baadaye, karibu majike wote wa Addo, asilimia 98, hawakuwa nazo. Hapo bahati ya waanzilishi wachache inaeleza mengi. Lakini Gorongosa si Addo. Waliobaki walikuwa mamia, na watafiti walipoigiza kwa kompyuta kupungua kulikotokea bila upendeleo wowote, badiliko kubwa kiasi hicho halikuweza kuelezwa kwa bahati. Hifadhi mbili zimefika mahali panapofanana kwa njia mbili, na ni wajibu wetu kuzitofautisha, kwa sababu dawa zake ni tofauti.

Wapo pia wanaofarijika na habari hizi. Husema tembo wamejipatia kinga, basi ujangili utakosa cha kuwinda. Faraja hiyo haistahimili hesabu. Katika Gorongosa, kutokuwa na pembe ni tabia ya majike pekee, kwa sababu inaelekea badiliko lile la jeni humuua mtoto wa kiume tumboni. Jike ana kromosomu X mbili, na moja iliyo nzima humwokoa. Dume ana moja tu. Jike asiye na pembe akibeba mimba nne, kwa wastani moja ni ya dume litakalokufa. Ndiyo sababu theluthi mbili ya watoto wa majike hao ni wa kike. Mimba ya tembo huchukua miezi 22, na kundi linalojijenga upya haliwezi kudharau hasara ya namna hiyo. Kuna atakayetaja Sri Lanka, ambako tembo dume wengi hawana pembe na wanaishi. Lakini tembo wa Asia ni spishi nyingine yenye historia yake ya maelfu ya miaka, na dume asiye na pembe katika Afrika ni adimu sana. Zaidi ya hayo, pembe za tembo zinawafaa wengine. Mashimo anayoyachimba mitoni hunywesha wanyama wasio na uwezo wa kuchimba, na miti anayoiangusha na kuibandua hubadilisha sura ya mbuga. Kinga iliyopatikana kwa vifo vya ndama na kwa kuacha kazi hizo ni malipo mapya juu ya malipo ya zamani.

Hata hivyo hesabu hiyo hiyo inatoa sababu ya kutenda. Miongoni mwa majike wa Gorongosa waliozaliwa baada ya vita, wasio na pembe ni asilimia 33, chini ya asilimia 51 ya walionusurika. Adhabu ya kuwa na pembe ikiondolewa, pembe zinaanza kurudi, kwa sababu faida zake hazijaisha: maji bado yako chini ya mchanga na chumvi bado iko mwambani. Kutoka hapo napata mambo mawili ambayo wanaosimamia hifadhi zetu wangepaswa kuyazingatia. La kwanza, idadi ya tembo peke yake haitoshi kupima usalama wao. Kundi linaweza kurudi kwa hesabu huku likiwa limepoteza madume wakubwa na jeni za pembe ndefu, kwa hiyo rekodi za pembe, kwa jinsia na kwa umri, zihifadhiwe sambamba na sensa. La pili, madume wazee wenye pembe kubwa wapewe ulinzi wa pekee, kama Kenya ilivyomlinda Ahmed wa Marsabit kwa amri ya rais tangu mwaka 1970 hadi kifo chake mwaka 1974. Ulinzi huo ulionekana wakati ule kama heshima kwa mnyama mmoja maarufu. Kwa yale tunayoyajua sasa kuhusu urithi, ni heshima kwa kizazi chake pia.

Pembe imelipiwa kwa mamilioni ya miaka, na kila mnyama anayeibeba ni mrithi wa mababu waliopoteza kitu ili aipate. Gharama hizo zote zilikuwa ndani ya uwezo wa viumbe kuzibeba, kwa kuwa zilikuja polepole na kila moja ilikuwa na faida yake. Gharama tuliyoiongeza sisi imekuja ndani ya umri wa tembo mmoja na haina faida yoyote kwa anayeilipa. Kati ya gharama zote za pembe, hiyo peke yake ndiyo iliyo mikononi mwetu kuifuta.